Bei haishuki ila nyumba haiuzwi: kuisoma Dar wakati soko limelala

Ukitaka kujua soko la nyumba Dar limechangamka au limelala, usianze na bei. Bei itakudanganya mchana kweupe. Dalali atakutajia milioni 350 leo, urudi baada ya miaka miwili nyumba ileile, geti lilelile, bado atakutajia milioni 350, na katikati hapo hakuna hata mtu mmoja aliyekuja na hela mkononi. Sasa hapo bei imeshuka au haijashuka? Kwenye mdomo wa dalali haijashuka. Kwa mwenye nyumba anayetafuta ada ya mtoto chuo imeshuka mpaka sifuri, maana haiuzwi.

Ndo maana watu wanabishana hawaelewani. Mmoja anasema nyumba Dar hazijawahi kushuka bei toka azaliwe, mwingine anasema soko lilikufa toka enzi za vyuma vimekaza, na wote wawili wako sahihi, ila mmoja anaongelea bei inayotajwa na mwenzie anaongelea hela inayolipwa. Ngoja tulifumue hili taratibu, na kipindi kizuri cha kujifunzia ni ule mteremko ulioanza 2015 ukaendelea miaka kadhaa, kwa sababu ukitembea Dar leo bado alama zake unaziona kwa macho.

Kabla ya huo mteremko kulikuwa na mlima. Miaka ya 2012 mpaka 2014 Masaki na Oysterbay watu wa gesi walikuwa wamejaa, kampuni zinazotafuta gesi baharini huko Mtwara na Lindi zimeleta wataalamu wao, mashirika ya misaada yapo, balozi zipo, na kila mtu anasema kiwanda cha kusindika gesi kinajengwa sasa hivi. Mwenye nyumba ya zamani yenye mwembe na uwanja mkubwa alikuwa anafuatwa nyumbani na watu wenye michoro ya apatimenti za ghorofa kumi. Mwembe ukakatwa, nyumba ikavunjwa, ghorofa likapanda. Shida ya ghorofa ni kwamba unaanza kulijenga wateja wakiwepo na unalimaliza miaka mitatu minne mbele, wateja wenyewe hujui watakuwa wapi. Katikati ya 2014 mafuta duniani yalikuwa zaidi ya dola 100 kwa pipa, mwanzoni mwa 2016 yakaenda chini ya dola 30, kampuni zikabana matumizi, wataalamu wakapanda ndege wakarudi kwao, na zile ghorofa ndo kwanza zinapakwa rangi.

Juu ya hapo Novemba 2015 ikaingia serikali ya awamu ya tano. Sitaki siasa hapa, nataka tu tuangalie hela ilikuwa inapita wapi na ikaacha kupita wapi. Fedha za taasisi za umma zilizokuwa zimelala benki za biashara zikahamishiwa Benki Kuu, benki zikakaukiwa, mikopo chechefu, yani isiyolipika, ikapanda ikavuka asilimia 10, maafisa mikopo waliokuwa wanakupigia simu wenyewe wakaacha kupokea simu. Semina na vikao vya hotelini vikakatwa, na mtu asiyeijua Dar anaweza asione uhusiano, ila mwenye kujua anajua nyumba ngapi za Goba na Madale zilipandishwa kwa posho za vikao, hii wiki mifuko ya saruji, wiki ijayo nondo. Aprili 2017 ikatoka orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakatolewa kazini. Kati yao walikuwepo wenye mkopo wa mshahara benki, na mkopo wa mshahara kwa mtumishi wa Tanzania mara nyingi maana yake ni nyumba iliyofika kwenye lenta.

Halafu Dodoma. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, na safari hii kweli, sio zile za toka 1973. Waziri Mkuu akahamia Septemba mwaka huohuo, wizara zikafuata, Rais mwenyewe 2019. Fikiria ofisi nzima ya wizara iliyokuwa mjini Posta inaondoka, na wale watumishi walikuwa wamepanga Kinondoni, Tabata, Ukonga, Kimara. Aliyejenga nyumba tatu za kupangisha nyuma ya nyumba yake akitegemea watumishi, kodi ikaanza kuja kwa kusuasua.

Kwahiyo yalikuwa mambo manne matano yaliyogongana wakati mmoja, na ndo maana ukisikia mtu anakupa sababu moja tu ya soko kulala, mara Magufuli, mara Dodoma, mara gesi, ujue amekatia njiani.

Sasa kitu cha kushika ni kwamba Dar haina soko moja la nyumba, yako mawili na hayasalimiani. Kuna lile la dola, Masaki, Oysterbay, Msasani, Upanga kidogo na Mikocheni, ambapo mpangaji ni kampuni au ubalozi au shirika. Na kuna lile la shilingi, ambalo ndo jiji lenyewe, Sinza, Mwananyamala, Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, watu wanatafuta chumba masta, chumba na sebule, au nyumba nzima yenye fensi na parking ya gari moja.

Lile la dola ndo lilianguka kwanza, na lilianguka kwa kujificha. Chukua mfano wa hesabu: apatimenti ya vyumba vitatu, mkataba unasema dola 2,000 kwa mwezi. Mwaka mzima ni 24,000. Mpangaji mwanzoni alikuwa analipa mwaka mzima mbele, tena anashukuru. Soko likilala mwenye nyumba hapunguzi ile 2,000, hata kidogo, ila anampa mpangaji miezi miwili bure, hapo zimebaki 20,000, ukigawa kwa kumi na mbili ni kama 1,667. Halafu anasema jenereta, maji, mlinzi na intaneti viko ndani ya kodi, tuseme hivyo vina thamani ya dola 150 kwa mwezi, tumefika 1,517. Halafu anakubali kulipwa kwa miezi mitatu mitatu. Karibu robo ya kodi imeyeyuka na mkataba bado umeandikwa dola 2,000! Kwanini anafanya hivyo? Kwa sababu wapangaji wengine wa ghorofa lilelile wakisikia ameshusha watamjia wote, na kwa sababu benki iliyomkopesha imeweka ile 2,000 kwenye hesabu zake. Ukienda kuuliza kodi za Masaki kipindi hicho utaambiwa ziko palepale, ila usiku ukipita barabara ya Haile Selassie au Toure na kuangalia juu unaona madirisha yenye taa ni ya kuhesabu.

Na kuna mchezo wa dola wenyewe. Mwisho wa 2014 dola ilikuwa kama shilingi 1,700, mwisho wa 2015 ikawa inacheza kwenye 2,150. Nyumba ya dola 2,000 ikatoka milioni 3.4 kwenda 4.3 bila mwenye nyumba kubadilisha hata balbu. Mpangaji mwenye mshahara wa shilingi, meneja wa benki au daktari, akafungasha akaenda Mbezi Beach. Desemba 2017 Wizara ya Fedha ikasema wakazi watajiwe bei kwa shilingi kuanzia Januari 2018, wengi wakageuza tu namba ya dola kuwa shilingi kwa bei ya siku na kuendelea na maisha, mpaka Machi 2025 zikatoka kanuni kali zaidi za kukataza kabisa kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Turudi kwenye swali gumu: kwanini bei ya kuuza haishuki? Hapa wengi wanakosea kwa sababu wanasoma habari za Marekani ya 2008. Kule nyumba zilikuwa na mikopo ya benki, watu wakashindwa kulipa, benki zikachukua nyumba na zikaziuza haraka kwa bei yoyote, maana benki haitaki kukaa na nyumba, inataka hela yake. Las Vegas na Florida mtaa mzima ulikuwa unaona nyumba ya jirani imeenda kwa nusu bei, basi na ya kwako ndo bei hiyohiyo. Benki ndo ilikuwa inasukuma bei chini.

Dar hiyo benki haipo. Yani benki zipo, ila mkopo wa nyumba bado ni kitu cha wachache sana. Sheria ya kuruhusu mikopo ya nyumba ikae vizuri ilitungwa 2008, kampuni ya TMRC ya kuzipa benki fedha za muda mrefu ikaanzishwa 2010, na pamoja na juhudi zote hizo jumla ya mikopo ya nyumba nchini haijafika hata asilimia 1 ya pato la taifa. Sababu unaiona ukipiga hesabu. Riba imekuwa ikicheza asilimia 15 mpaka 19. Kopa milioni 100 kwa asilimia 17 miaka 15, kila mwezi unalipa karibu milioni 1.54, ukimaliza umelipa kama milioni 277. Mwalimu gani, nesi gani? Kwahiyo watu wanajenga kwa hela taslimu, kidogokidogo, kiwanja mwaka huu, msingi mwaka kesho, tofali zinafyatuliwa palepale zinakaa miaka. Na mtu aliyejenga kwa jasho lake hana anayemdai. Soko likilala, analala nalo. Ukimwambia nyumba yako sasa hivi ni milioni 220 anakuona umemtukana, kwa sababu kichwani mwake anajumlisha kila mfuko wa saruji na kila siku aliyopanda daladala kwenda kumsimamia fundi asimwibie nondo.

Zinazouzwa kwa lazima zipo, ila nyingi ni za mikopo ya biashara. Mtu aliweka hati ya nyumba ya Kijitonyama dhamana ili aagize mzigo China, mzigo ukakwama, biashara ikafa, nyumba ikatangazwa mnada kwenye gazeti. Na hata hapo bei haipatikani kirahisi. Ukinunua nyumba ya mnada unajua kabisa familia bado iko ndani, mama anakuangalia dirishani, kesho wanaenda mahakamani kuomba zuio, kesi inakula miaka, na wengine wanaogopa maneno ya watu na laana za mwenye nyumba. Wanunuzi wanakuwa wachache, waliopo wanajuana, wanataja bei ya kukufanya ucheke.

Novemba 2017 nchi nzima iliuona huu ugonjwa bila kujua kama ni ugonjwa. Kulikuwa na mnada wa nyumba za kifahari, mbili Mbweni na moja Upanga, za mfanyabiashara aliyekuwa anadaiwa kodi ya serikali, na zilikuwa zimeshawahi kunadiwa zikakosa mnunuzi. Akatokea mzee mmoja mpole, Dk Louis Shika, kila nyumba ikitajwa anapandisha tu, mia tisa itapendeza, akashinda zote tatu, na ilipofika kulipa asilimia 25 ya papo hapo hela haikuwepo, wakamkamata. Watu tukacheka mwezi mzima, "900 itapendeza" ikaandikwa mpaka nyuma ya bajaji. Mimi ninachokumbuka kuhusu ule mnada ni kitu kingine kabisa: nyumba tatu kwenye maeneo mazuri kuliko yote ya jiji, muuzaji ni serikali, tangazo limefika kila kona, na mtu pekee aliyekubali kutaja bei iliyotakiwa ni mtu asiyekuwa na hela. Hapo ndo ilipokuwa bei ya soko siku hiyo.

Kama bei haisemi, nini kinasema? Mandhari. Na mandhari ya Dar kwenye mteremko inaongea kupitia mapagale, yani nyumba zilizoachwa hazijaisha kujengwa. Toka Tegeta endelea Bunju, au kata kushoto ingia Wazo uelekee Madale, au vuka Kigamboni uende Kibada na Geza, utakutana nayo. Kuta zimeshapanda mpaka kwenye lenta, nondo zimechomoza juu zimeshika kutu nyekundu na mvua imeishusha ile kutu ukutani kama machozi. Sebuleni kumeota mpapai, tena umezaa. Chumba kimoja kimewekewa bati kuukuu na turubai, humo anaishi mlinzi na mkewe na watoto wawili, wamepanda mchicha kwenye shimo la choo lililochimbwa halikujengewa, kuku wanalala kwenye chumba kilichokuwa kiwe masta. Pembeni kuna rundo la tofali zimegeuka rangi ya ukijani. Mwenye nyumba anakuja Jumapili moja moja, anazunguka, anamwachia mlinzi elfu ishirini, anaondoka.

Ukiangalia kwa makini pagale linakupa tarehe. Lililosimamia kwenye msingi, mwenyewe alikwama mapema au anamiliki tu ili uwanja usivamiwe, maana uwanja mtupu Dar unauzwa mara tatu wewe ukiwa hai. Lililofika lenta na likasimama, hela ya bati ndo ilikosekana, na kupaua ndo hatua inayotaka hela nyingi kwa mkupuo, mbao, bati, misumari, fundi, huwezi kupaua nusu. Lililopauliwa halina madirisha, hapo mwenyewe yuko karibu, na mtaa wenye mapagale mengi ya aina hii ukianza kuona grili na aluminiamu zinawekwa, hiyo ni habari nzuri kuliko takwimu yoyote. Mimi nikitaka kujua hali ya eneo naenda kwa wachomea vyuma na wauza aluminiamu, nawauliza oda zikoje. Wao wanajua kabla ya benki.

Mapagale makubwa nayo yapo. Kigamboni kule Dege kuna mji mzima wa ghorofa na nyumba ulioanza kujengwa kwa ubia wa mfuko wa pensheni wa NSSF na kampuni binafsi, mpango ulikuwa nyumba zaidi ya 7,000, ukasimama 2016. Unafika pale, bahari ya buluu iko mbele, upepo mzuri, na nyuma yako safu kwa safu za maghorofa ya zege tupu, madirisha ni matundu. Mjini makutano ya Morocco mradi wa NHC, Shirika la Nyumba la Taifa, nao ulikaa miaka umesimama, watu wakauzoea, mpaka kazi iliporudi baada ya 2021. Mashirika ya umma na mifuko ya pensheni ilikuwa mjenzi mkubwa wa Dar kwenye miaka ya mlima, minara ya Posta mingi ni yao, na ilipoambiwa simama, zile kreni zilizokuwa zinaonekana toka Magomeni zikapungua. Fundi wa zege na mama ntilie wa saiti walilisikia hilo siku hiyohiyo.

Ila usije ukadhani jiji zima lilikuwa linashuka pamoja. Kipindi hichohicho kuna sehemu zilipanda, na sababu yake ni barabara. Aprili 2016 Daraja la Kigamboni likafunguliwa, mita 680, mtu aliyekuwa anasubiri pantoni Magogoni saa nzima akaanza kupita kwa gari, japo tozo ilikuwa kelele mpaka ilipopunguzwa 2022. Kigamboni ina hadithi yake ya kusikitisha, maana toka 2008 watu waliambiwa unakuja mji mpya wa kisasa, wasiendeleze maeneo yao wasubiri, wakasubiri miaka, baadaye mpango wenyewe ukaachwa. Kuna watu pale wana maeneo yenye mtazamo wa bahari ambao mtu wa Dubai angelipia mamilioni ya dola, na nyumba iliyopo juu yake ni ya matope kwa sababu ya ile amri.

Mei 2016 mwendokasi ikaanza Kimara mpaka Kivukoni, nyumba za kupanga za Kimara na Ubungo zikapata wateja. Mwaka uliofuata barabara ileile ikabomoa. Mita 121.5 kila upande toka katikati ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kibaha, nyumba zikapigwa X nyekundu. X ya Dar ni kitu cha kuheshimu: jamaa anakuja na kopo la rangi na brashi, dakika moja, na nyumba ya maisha yako imekuwa haina thamani hata ya kuweka dhamana saccos. Kuna waliokuwa na hati. Baada ya pale hata nyumba za mita 200 zikawa ngumu kuuza, mnunuzi anakuja na futi kamba anapima mwenyewe toka barabarani. Bonde la Msimbazi lilikuwa limeshapitia hayohayo Desemba 2015. Kwahiyo unaona, soko likilala woga nao unakuwa sehemu ya bei, na ule ukuta ulioandikwa NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI, unaoukuta Sinza na Tabata, ni woga huohuo. Mara nyingi ndani yake kuna mirathi isiyoisha, ndugu sita, mmoja anataka kuuza, wawili wako ndani hawataki kutoka, na nyumba kama hiyo hata soko likichangamka haitaingia sokoni.

Dodoma nayo ilifanya kinyume. Kodi za Area C, Area D, Kisasa, Njedengwa zikapanda, viwanja vya Iyumbu na Ihumwa vikawa ndo mazungumzo ya kila ofisi, watu waliuza gari Dar wakanunua kiwanja Mtumba. Bagamoyo ilikuwa kamari tupu: bandari ilitangazwa 2013, wajanja wakanunua ekari Zinga na Kerege, bandari ikasimama, ekari zikabaki na mikorosho yake.

Kuhusu dalali niseme kidogo kwa sababu analaumiwa kuliko anavyostahili. Dalali wa Dar anachukua kodi ya mwezi mmoja, na kabla ya hapo hela ya kuzungushwa kuonyeshwa. Kodi ikiwa laki tano anapata laki tano, ikishuka laki nne anapata laki nne, kwahiyo hana sababu ya kumwambia mwenye nyumba ashushe. Ila kwenye mteremko nimeona madalali wenyewe wakimpigia mwenye nyumba kumbembeleza, mzee shusha, wameingia wapangaji watatu wote wameondoka, kwa sababu wapangaji wakiwa wachache afadhali upate laki nne kuliko kuzunguka na watu juani bure. Nyumba moja inatangazwa na madalali watano kwa bei tano, na ile ya chini kabisa ndo iko karibu na ukweli. Kwa upande wa shilingi dalili kubwa ya kulala ilikuwa hii: masharti ya miezi sita au mwaka mbele yakaanza kulegea, ukasikia mitatu, hata mmoja mmoja. Hiyo ni punguzo kubwa kwa mtu wa kawaida kuliko elfu hamsini ya kodi, maana tatizo lake ni kuipata hela ya mkupuo.

Ukitaka bei halisi ya nyumba basi anza na kodi yake, sio na anachotaja muuzaji. Nyumba inatajwa milioni 400, na ukiipangisha inaleta milioni moja kwa mwezi. Mwaka ni milioni 12, yani asilimia 3, na hapo hujapaka rangi, hujatengeneza choo, hujakaa miezi miwili bila mpangaji, na kodi ya zuio asilimia 10 ya pango haijakatwa. Kipindi hichohicho hatifungani ya serikali ya miaka 20, yani unaikopesha serikali hela, ilikuwa na riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka, haina choo cha kuziba. Mwenye milioni 400 taslimu na akili timamu alikuwa ananunua nini? Ndo maana wanunuzi wakubwa walipotea, haikuwa kwamba hela imeisha yote nchini.

Na muuzaji naye ana hesabu yake, ambayo watu wengi wanaisahau. Akiuza kuna kodi ya faida asilimia 10, kuna serikali ya mtaa wanaotaka chao, kuna wakili, kuna ndugu watakaosikia ameuza. Akikaa nayo analipa nini? Kodi ya jengo toka Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda 1,500. Elfu kumi na nane kwa mwaka mzima. Ghorofa inalipa 7,500 kwa mwezi kila sakafu. Pagale lisilo na mita ya umeme hiyo LUKU hailifikii kabisa. Kwahiyo nyumba inaweza kukaa tupu miaka mitano Mbweni na mwenyewe asisikie maumivu yoyote mfukoni.

Wanaoshusha bei kweli ni wachache na unawajua kwa haraka zao: mwenye deni la benki lililobakiza mwezi, mwenye mgonjwa anayetakiwa kwenda India, mtumishi aliyehamia Dodoma na amechoka kupigiwa simu na mlinzi, na warithi waliokaa vikao mpaka wakachokana. Hawa hawaweki bango. Ukiwa na hela kipindi soko limelala, muulize dalali nani anauza na kwanini anauza, bei mtaongea baadaye.